Joseph Fourier, yatima aliyefungua njia ya picha ndani ya ordinatere

Kwenye vijiji vya Mumosho, na vile vile mjini Bukavu, kuna nyumba ambamo kaseti za video zingali zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati. Ni arusi ya zamani, ni matanga ya babu, ni misa ya kwanza ya mtoto wa jamaa. Mashine za kuchezesha kaseti zile zinaisha. Kampuni ya mwisho iliyokuwa ingali inazitengeneza, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo mwezi wa saba mwaka wa 2016. Basi watu wanapeleka kaseti kwa kijana mwenye ordinatere ili ahamishe picha. Siku ya kurudi kuzichukua, wakati mwingine wanakuta faili iko, sauti iko, lakini picha haionekani. Iko nyeusi, ama ya kijani, ama imekatika vipande vipande.

Wengi wanafikiri kaseti imekufa. Mara nyingi haijafa. Ni vitu viwili ndani ya ordinatere vinavyogombana: karte ya video, ndiyo kile kipande cha mashine kinachovuta picha kutoka kwenye kaseti, na kodeki, ndiyo programu inayopunguza uzito wa picha kisha kuifungua tena. Vyote viwili vinafanya kazi kwa wazo la mtu mmoja aliyefariki mwaka wa 1830, wakati hakuna televisheni, hakuna hata taa ya umeme nyumbani mwa watu. Jina lake ni Joseph Fourier. Maisha yake yanasaidia kuelewa kwa nini picha inapotea, na kwa nini mara nyingi inaweza kurudi.

Mtoto wa mshonaji

Jean-Baptiste Joseph Fourier alizaliwa tarehe 21 mwezi wa tatu 1768, katika mji wa Auxerre, Ufaransa. Baba yake alikuwa mshonaji wa nguo, na nyumba ilikuwa imejaa watoto. Alipokuwa na miaka tisa mama yake alifariki. Mwaka uliofuata baba naye akafuata. Mtoto akabaki yatima mbele ya kufika miaka kumi na moja.

Watu wa mji walimsaidia kuingia shule ya kijeshi ya Auxerre, iliyokuwa inaongozwa na wamonaki Wabenediktini. Hapo ndipo hesabu zilimkamata. Inasemekana alikuwa anaokota vipande vya mishumaa vilivyobaki ili asome usiku wakati wenzake wamelala. Mwanafunzi wa kijiji anayesoma kwa taa ya simu kwa sababu umeme umekatika anaelewa hiyo vizuri.

Fourier alitaka kuwa ofisa wa mizinga. Kazi hiyo ilikuwa inadai hesabu, na hesabu alikuwa nazo. Lakini wakati ule vyeo vya namna hiyo vilikuwa vya watoto wa wakubwa, si vya mtoto wa mshonaji. Alikataliwa. Mwaka wa 1787 akaingia monasteri ya Saint-Benoît-sur-Loire ili ajitayarishe kuwa padri. Hakuweka nadhiri. Mwaka wa 1789 mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza alitoka, kisha akarudi Auxerre kufundisha kwenye shule ile ile iliyomlea.

Gereza na darasa

Mapinduzi yalimvuta kijana huyu. Mwaka wa 1793 aliingia katika komite ya mapinduzi ya mji wake. Lakini siasa ya wakati ule ilikuwa kali. Aliyekuwa rafiki leo, kesho anaitwa adui. Fourier alijiingiza katika mabishano ya vikundi huko Orléans, na hiyo ikamletea taabu. Mwezi wa saba 1794 alikamatwa na kutiwa gerezani. Wakati ule wafungwa wengi walikuwa wanapelekwa kukatwa kichwa. Kilichomwokoa ni kuanguka kwa Robespierre mwisho wa mwezi ule ule. Wafungwa wengi wakafunguliwa, naye kati yao.

Mwaka wa 1795 alitumwa Paris kusoma kwenye shule mpya ya kutayarisha walimu. Huko alifundishwa na wakubwa wa hesabu wa wakati ule: Lagrange, Laplace na Monge. Mwaka huo huo alikamatwa tena kwa ajili ya siasa ya nyuma, akafunguliwa tena. Kisha akawa mwalimu kwenye Shule ya Politekniki, na mwaka wa 1797 akachukua kiti cha kufundishia kilichokuwa cha Lagrange mwenyewe. Hakuwa bado amefika miaka thelathini.

Misri, na maandishi yasiyosomeka

Mwaka wa 1798 Napoleon Bonaparte alipeleka jeshi Misri, akachukua pamoja naye kundi la watu wa elimu. Fourier alikuwa mmoja wao. Kairo akafanywa katibu wa Taasisi ya Misri, nyumba ya elimu iliyoundwa na Wafaransa. Alikaa katika bara letu la Afrika miaka karibu mitatu, mpaka jeshi la Ufaransa liliposhindwa na watu kurudishwa kwao mwaka wa 1801.

Wakati wa safari hiyo, mwaka wa 1799, askari walikuta jiwe la Rosetta. Jiwe hilo lilikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa namna tatu, na moja ilikuwa maandishi ya zamani sana ya Wamisri, yale ya picha za ndege, macho na nyoka. Maandishi yalikuwa yamechongwa vizuri. Lakini hakuna mtu aliyejua kuyasoma. Mapatano kati ya mwandikaji na msomaji yalikuwa yamepotea karne nyingi nyuma.

Fourier aliporudi Ufaransa alifanywa prefe wa Isère mwaka wa 1802, makao yake Grenoble. Huku kwetu prefe ni mkubwa wa shule ya sekondari, lakini kule ilikuwa kazi inayofanana na ile ya gavana wa jimbo. Alisimamia kukausha bwawa kubwa la Bourgoin, lililokuwa linaleta homa kwa wakaaji, na ilimpasa kupatanisha vijiji vingi vilivyokuwa vinagombania ardhi ile. Alisimamia pia barabara ya kutoka Grenoble kwenda Turin, Italia.

Grenoble ndipo alipofahamiana na kijana mmoja mwenye akili nyingi, Jean-François Champollion, ambaye alivutwa sana na mambo ya Misri. Ni Champollion huyo ambaye mwaka wa 1822 alifumbua siri ya maandishi ya Wamisri. Wakati alipopata ufunguo, mawe yaliyokuwa kimya yakasomeka tena. Mawe hayakubadilika hata kidogo. Kilichokuwa kimepotea ni namna ya kuyasoma.

Chuma cha moto na kwaya

Mchana Fourier alikuwa na kazi za serikali. Muda uliobaki alikuwa anachunguza moto. Alitaka kujua namna joto linavyotembea ndani ya kitu. Mhunzi akiweka ncha ya chuma ndani ya makaa, baada ya muda mkono ulioshika upande wa pili unaanza kuungua. Joto limetembea. Kwa mbio gani? Dakika hii liko wapi, na dakika ijayo litakuwa wapi? Fourier alipasha moto fimbo na pete za chuma, akapima, akaandika, akatafuta hesabu inayolingana na vile alivyoona.

Hapo ndipo alipopata wazo lake kubwa. Alisema kwamba mstari wowote, hata ule wenye kupanda na kushuka ovyo, hata wenye kona kali, unaweza kutengenezwa kwa kujumlisha mawimbi rahisi, mengine marefu ya polepole, mengine mafupi ya haraka.

Mfano wake ni kwaya ya parokia. Siku ya Jumapili sauti inayotoka kanisani ni moja, imechanganyika. Lakini mtu mwenye sikio zuri anatenga ndani yake soprano, alto, tenore na basi. Anaweza hata kusema ni sauti gani iko na nguvu na gani ni dhaifu. Fourier alionyesha namna ya kufanya kazi hiyo kwa hesabu: kuchukua kitu kilichochanganyika, kukigawa katika sauti zake, kuandika kipimo cha kila sauti, na kutoka kwenye vipimo hivyo kukijenga upya.

Walimu wanamkatalia mwanafunzi

Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 1807, Fourier alipeleka kazi yake kwenye Taasisi ya Ufaransa huko Paris. Waliopewa kuichunguza walikuwa Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix. Watatu wa kwanza walikuwa walimu wake. Lagrange hasa hakukubali. Toka zamani alikuwa amekataa wazo la namna hiyo, na hakuona ushahidi wa kutosha kwamba mawimbi laini yanaweza kutoa mstari wenye kona. Kazi haikuchapwa.

Taasisi ikatangaza shindano kuhusu habari ya joto. Fourier akarudisha kazi yake, akiwa ameiongeza, na mwanzoni mwa 1812 akapewa tuzo. Lakini hata pamoja na tuzo wachunguzi waliandika kwamba hesabu zake hazijakaza vya kutosha. Kwa mara nyingine haikuchapwa. Prefe wa Grenoble akabaki na karatasi zake.

Ni lazima kusema ukweli: wale wazee hawakuwa wajinga, na wasiwasi wao haukuwa wa bure. Fourier alikuwa ameona jambo la kweli mbele ya kuweza kulihakikisha lote. Mwaka wa 1829 kijana Mjerumani, Dirichlet, ndiye aliyeonyesha kwa hesabu iliyokaza ni katika hali gani njia ile inafaa kweli.

Mwaka wa 1815 mambo yalimgeukia tena. Napoleon alirudi kutoka kisiwa cha Elba akapita Grenoble, na Fourier akajikuta kati ya mabwana wawili, mfalme na Napoleon. Napoleon akampa uprefe wa Rhône, lakini hakukaa nao muda mrefu. Utawala wa Napoleon ulipokwisha, Fourier akabaki bila cheo. Akapata kazi Paris kwenye ofisi ya takwimu. Mwaka wa 1816 Akademia ya Sayansi ilimchagua, mfalme Louis wa 18 akakataa. Mwaka wa 1817 wakamchagua tena, mfalme akakubali.

Mwaka wa 1822, ule ule ambao Champollion alifumbua maandishi ya Misri, Fourier alichapa hatimaye kitabu chake kuhusu hesabu za joto. Ilikuwa imepita miaka 15 toka alipokataliwa. Mwaka huo pia akawa katibu wa kudumu wa Akademia. Mwaka wa 1824 aliandika kuhusu joto la dunia, akaeleza kwamba hewa inasaidia kushika joto la jua lisikimbie. Hata leo wanaochunguza hali ya hewa wanamkumbuka kwa hiyo.

Toka Misri alikuwa anaogopa sana baridi. Nyumba yake ilikuwa na moto wakati wote, naye anajifunika nguo nzito. Hakuoa. Alifariki Paris tarehe 16 mwezi wa tano 1830, akiwa na miaka 62, akazikwa kwenye makaburi ya Père-Lachaise. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel pamoja na majina mengine 71 ya watu wa elimu.

Kutoka joto mpaka picha

Wazo lake lilibaki hai. Mhindi mmoja aliyefanya kazi Marekani, Nasir Ahmed, alifikiri kwamba njia inayofanana na ya Fourier inaweza kupunguza uzito wa picha. Mwaka wa 1972 aliomba feza za uchunguzi kwenye shirika la sayansi la Marekani, akanyimwa. Akaendelea hata hivyo pamoja na wenzake Natarajan na Rao, na mwaka wa 1974 wakatangaza njia yao. Ni juu ya njia hiyo picha za JPEG zilijengwa mwaka wa 1992, na vilevile video za MPEG zilizofuata.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Programu inakata picha katika viraba vidogo, kila kimoja nukta 8 kwa 8, yaani nukta 64. Badala ya kuandika rangi ya kila nukta, inaandika ni kiasi gani cha mabadiliko ya polepole na ni kiasi gani cha mabadiliko ya haraka, sawa vile mtu anatenga soprano na basi. Jicho la mwanadamu halisumbuki sana na mabadiliko madogo ya haraka. Basi hayo yanapunguzwa ama kutupwa, na faili inakuwa nyepesi.

Bila hiyo, hakuna namna. Video ya kaseti, picha 25 kwa sekunde, kila picha nukta 720 kwa 576, ikiandikwa bila kupunguzwa inakula megabaiti karibu 20 kwa sekunde. Saa moja ya arusi inafika gigabaiti karibu 75.

Ugomvi unatoka wapi

Katika miaka ya 1990 ordinatere hazikuwa na nguvu ya kufanya hesabu hiyo mara 25 kwa sekunde. Ndiyo maana karte za video ziliwekewa kipande cha elektroniki kinachofanya hesabu hiyo chenyewe. Nyingi zilitumia namna inayoitwa Motion JPEG, ambayo kila picha inapunguzwa peke yake.

Lakini kwa Motion JPEG hakukuwa na mapatano mamoja ya watu wote. Kila kampuni iliandika kwa desturi yake. Wengine waliweka ndani ya faili jedwali la kusaidia kusoma, wengine waliliacha kwa sababu karte yao inalijua tayari. Hata hivyo, faili nyingi zilibeba jina moja la herufi nne: MJPG. Na ndani ya Windows ya wakati ule, jina hilo lilikuwa na kiti kimoja tu. Mtu akiweka programu nyingine ya kuchezesha video, programu ile inakalia kiti kilichokuwa cha karte. Siku ya kunasa kaseti, Windows inaita jina la MJPG, na anayeitika siye. Picha inakuwa nyeusi, ama ordinatere inakwama kabisa.

Fourier hana kosa hapo. Hesabu ya karte ni yake, hesabu ya programu ni yake pia. Kinachokosekana ni mapatano kati ya anayeandika na anayesoma, sawa na mawe ya Misri mbele ya Champollion.

Hiyo inatoa mashauri kwa jamaa na kwa vijana wa studio. Kwanza, kaseti isitupwe, na faili ya kwanza isifutwe, hata kama haionyeshi kitu. Pili, kabla ya kunasa kaseti nzima, inafaa kunasa dakika moja tu, kisha kuijaribu kwenye ordinatere nyingine. Kaseti ya zamani inachoka kila mara inapozunguka, haiko ya kuchezea. Tatu, kama picha ilikuwa inatoka vizuri na ghafla imekatika, itazamwe ni programu gani iliingizwa mwisho. Iondolewe, kisha programu za karte yenyewe ziwekwe upya. Nne, jina la karte na la programu iliyotumika liandikwe kwenye boksi la diski, ili atakayekuja nyuma ajue maandishi hayo yanasomwa namna gani.

Na kwa faili za zamani zilizokataa kufunguka, kuna programu za bure kama VLC na FFmpeg. Hizo zinabeba wasomaji wao ndani yao, haziendi kugombania kile kiti cha Windows, na zinafahamu desturi nyingi za Motion JPEG. Faili iliyolala miaka mingi inaweza kufunguka siku moja bila kuguswa hata herufi yake.

Fourier alishikilia karatasi zake miaka 15, kutoka 1807 mpaka 1822. Kama angezichoma siku walimu wake walipozikataa, kijana wa Bukavu angekuwa na njia gani leo ya kuingiza saa nzima ya arusi ndani ya simu? Mama aliyeambiwa kwamba kaseti ya arusi yake imekufa, airudishe kwanza juu ya kabati, mahali pakavu, mpaka apatikane anayejua kuisoma.